Kiwanja Kimetolewa Nje Kuanikwa

Arnhem, Uholanzi

Mjomba, shikamoo. Na shangazi wa Maili Moja, ambaye ataisoma barua hii kabla haijafika Kisarawe kwa kuwa inapitia mikononi mwake, shikamoo na yeye. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya kasoro vidole vya miguu, ambavyo tangu baridi ianze sina habari navyo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale ulipoacha kuongea na mimi ukawa unamgombeza mbuzi. Nimeelewa kesi. Vijana wa mpira hawataki kiwanja cha shule kikodishwe kwa matamasha, kamati inataka hela, na wewe mwenyekiti umewaambia watulie, una mpwa Ulaya, atawauliza Wazungu wenyewe wanafanyaje. Basi nimeuliza.

Katika hangaika zangu za kubeba boksi, nimepata kibarua ndani ya uwanja wa GelreDome, nyumbani kwa timu ya Vitesse. Kazi ni kuokota vikombe watu wakishaondoka. Uwanja ulifunguliwa Machi 1998, enzi za mwenyekiti mmoja wa klabu, Karel Aalbers, mtu wa ndoto kubwa. Paa linafunguka na kujifunga, ndani kuna joto. Hayo tuyaache. Shughuli iko kwenye nyasi. Kiwanja kizima, goli mpaka goli, kimepandwa juu ya sinia la zege, na tamasha likikaribia, sinia lote linasukumwa kwa mitambo, linapita chini ya majukwaa upande wa kusini mpaka nje. Tani 11,000, Mjomba! Ndani inabaki sakafu ngumu, ruksa kurukwa na yeyote. Nje kiwanja kimelala peke yake kinaota jua, vile vile shangazi alivyokuwa akilianika godoro langu asubuhi pale Maili Moja, mtaa mzima ukajua.

Wenzao wa Amsterdam walitangulia. Wao walifungua uwanja mkubwa zaidi 1996, ule uliobatizwa jina la marehemu Johan Cruijff mwaka 2018, wakauwekea paa la kufunga, kumbe nyasi zinakula jua. Miaka ya mwanzo zikawa zinakufa, zinabanduliwa, zinaletwa nyingine, nazo zinakufa. Siku hizi zinawashiwa mataa makubwa ya magurudumu, na hakuna baba mwenye nyumba anayefoka kwamba luku inaisha.

Sasa muziki wenyewe. Tina Turner aliimba humu Arnhem 2009 na onyesho likarekodiwa. Lakini lililonivunja mbavu ni Qlimax, tamasha la ngoma za mashine ambalo kwa miaka mingi lilifanyika hapa kila Novemba, dum dum dum hadi alfajiri. Wanajisifu kwa mwendo wa kasi. Mtoto yeyote wa Tandale aliyelelewa na singeli angesinzia. Na kila mtu ana vizibo masikioni. Mtu ananunua tiketi ili asikie muziki, kisha ananunua vizibo ili asiusikie.

Jambo moja kamati iige leo hii. Kwenye matamasha mengi ya huku hela ya kawaida hainunui soda. Unaibadilisha kwanza kuwa vipande vya plastiki, ndivyo unavyonunulia. Tamasha likiisha ukiwa na vipande viwili mfukoni, hongera, umenunua plastiki.

Usidhani hela hizo zinaneemesha mpira. Vitesse ilianzishwa 1892, lakini uwanjani ni mpangaji tu. Mwaka 2024 ilikatwa pointi 18 kwa kukiuka kanuni za leseni, ikashuka daraja. Mwaka 2025 leseni yenyewe ikafutwa, mpaka mahakama ya rufani ilipoirudisha. Shangazi asicheke, Ruvu Shooting ya kwao Mlandizi nayo ilishuka 2023, ila kule Mabatini hakuna aliyewahi kuhangaika kusukuma kiwanja.

Nilimsimulia msimamizi wangu habari za Simba Day pale kwa Mkapa: uwanja wa watu 60,000, wasanii wanapanda, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja, halafu mechi inapigwa siku hiyohiyo, nyasi zilezile, hazijapelekwa popote. Akanyamaza. Kisha akauliza nyasi zinasemaje.

Sikuthubutu kumweleza kiwanja chetu. Asubuhi ni mstarini, mchana malisho, jioni ligi ya mbuzi. Siku ya Idd ni msikiti, wakati wa kampeni ni bunge, Mwenge ukija ni ikulu. Bodaboda wana njia yao ya mkato kutoka kona hadi kona, na refa ameshazoea, anapuliza filimbi, pikipiki inapita na gunia lake la mkaa, mchezo unaendelea. Hayo yote kiwanja kimeyabeba miaka nenda rudi bila ugomvi. Ugomvi umeletwa na mafundi jukwaa waliochimba mashimo manne ndani ya kumi na nane, wakang'oa nguzo zao wakaondoka, na kipa sasa anayafukia kwa maganda ya mihogo. Vijana wana haki. Ningekuwa kipa hata mimi ningegoma.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamati ni hili. Waholanzi wanasukuma kiwanja ili kuipisha ngoma. Sisi Wazaramo tunaisukuma ngoma yenyewe. Mdundiko haujawahi kuharibu nyasi za mtu. Unatoka kwa mwali, unashika barabara, na mwenye kiuno chake anaufuata mpaka anajikuta mtaa asioujua, viatu kaviacha njiani. Najua utasema mdundiko hauna mlango wa kukatia tiketi. Kweli. Basi jukwaa lihamie nyuma ya goli la juu, kule kwenye mchanga chini ya mikorosho, ambako hata mpira ukienda hakuna anayeukimbilia. Anayetaka kukodisha aweke kwanza hela ya kufukia mashimo, ishikwe na mwalimu mkuu.

Hela ya nyavu za magoli nimeituma, ila nimemrushia shangazi. Usinune, Mjomba. Ya mwaka jana nayo ilikuwa ya nyavu, na bati lake nimeliona pichani, la bluu, limekaa vizuri sana juu ya jiko lako la uani.

Wasalaam,
Mpwa wako