Muulize Bwana Mjuzi: Gari Langu Nilipake Rangi Gani?

"Bwana Mjuzi, nimenunua gari lililotumika kutoka Japani, na rangi yake imeanza kubambuka. Mimi napenda nyeusi, mke wangu ataka nyeupe, shemeji yangu ashikilia damu ya mzee. Nasikia rangi ya gari hufichua tabia ya mwenyewe. Nifanyeje?" — Mtatizwa, Tanga

Bwana Mtatizwa, umefanya vyema kunielekea mimi na kuwaacha washauri wa vibarazani, ambao, kwa kuwa hawajapata kumiliki hata baiskeli, hujiona wana idhini ya kuhukumu magari ya wenzao. Mimi ndimi niliyemshauri ami yangu apake mlango wake rangi ya samawati, na tangu siku hiyo hapana mgeni aliyeikosa nyumba ile, isipokuwa ami mwenyewe, ambaye alikuwa na mtoto wa jicho. Laiti wakubwa wangalitambua hazina waliyo nayo mtaani kwangu, bila shaka ningalikuwa na wizara.

Tuanze na nyeusi, rangi ya hadhi, ya mawaziri na ya maharusi. Wanaodai kwamba rangi hutangaza tabia wanieleze haya: Henry Ford, ambaye hapo kwanza gari lake la Model T lilitoka kijani, jekundu na buluu, aliliuza kwa rangi nyeusi peke yake tangu 1914 hata 1925, je, kwa muda huo wote Wamarekani walioyanunua kwa mamilioni walikuwa na tabia moja, kisha wakapata nyingine ghafula? Dhahiri kilichobadilika si nyoyo zao bali kopo, kwani mnamo 1923 magari ya Oakland yalianza kupakwa buluu kwa rangi ya kupuliza iitwayo Duco, iliyokauka kwa saa badala ya majuma. Hoja hii niliitoa barazani kwa ufasaha uliowafanya wazee wawili wasinzie kwa raha.

Walakini nyeusi hunywa jua. Hapo Tanga, adhuhuri ya mwezi wa Februari, utaketi ndani ya gari jeusi kama mkate wa kumimina unaongoja kupalizwa moto wa juu, na hadhi yako yote itakutoka kwa jasho.

Damu ya mzee siijadili sana. Rangi zenye asili ya wekundu aghalabu huwahi kupauka juani, na fauka ya hayo, shemeji achaguaye rangi ya gari la mtu amekwisha kujihesabu miongoni mwa wenye kuliazima.

Ukiniona bado wasita, fanya kama niagizavyo. Paka boneti nyeusi, milango nyeupe na nyuma damu ya mzee, kisha liegeshe Ngamiani karibu na muuza kahawa kwa siku saba, ukiandika daftarini ni nani asimamaye mbele ya sehemu gani na kwa muda gani. Tahadhari moja tu: usithubutu kulipeleka Dar es Salaam katika hali hiyo, maana huko mkanda wa rangi ubavuni ndio umwambiao abiria daladala laelekea wapi, na waweza kujikuta umewafikisha Mbagala watu usiowajua, nao wakidai chenji.

Ama nyeupe, hiyo hurudisha mwanga wa jua, ndiyo sababu moja ya magari ya Ghuba kuwa meupe kwa wingi, na mnunuzi wake hapatikani kwa taabu. Mke wako, hata hivyo, ana hekima iliyozidi hiyo. Jeupe halisemi neno juu ya tabia yako, bali hutoa ushahidi juu ya safari zako: ukimwaga kwamba waenda mazishini Pongwe, kwenye vumbi la chokaa, nawe ukarudi na udongo mwekundu wa Usambara umeganda juu ya magurudumu, hutahitaji mtaalamu wa tabia.

Nafasi imekwisha, na nilikuwa sijaeleza jinsi nilivyomfundisha fundi mmoja kazi yake. Kwa ufupi: lipake nyeupe, na mwambie mkeo kwamba shauri ni langu. Fundi apige msasa mpaka kutu yote itoke, maana upepo wa bahari una chumvi na kutu haikubali kuzikwa hai, ndipo aweke puti na praima. Rangi ikiwa mpya, wapelekee habari Mamlaka ya Mapato, kwani rangi ya gari imeandikwa katika kadi ya usajili. Na fundi akikuuliza nani aliyekutuma kwake, sema umejiendea mwenyewe. Baina yangu na yeye kuna hesabu ndogo ya bampa.