Mhadhara wa Kumaliza Ubishi Wote wa Tenisi, Kama Ulivyotolewa Mwadingusha

Wazee wangu, mama zangu mlioacha samaki juani kwa ajili yangu, na ninyi vijana mliokaa juu ya pikipiki tayari kukimbia: karibuni. Nimeombwa na watu wengi nije kusema. Watu wengi hao ni mimi na shemeji yangu, na shemeji amekwama Likasi.

Niiteni Profesa. Cheo hicho nilijitunuku mwenyewe baada ya kungoja miaka kumi na minane nitunukiwe na wengine. Somo letu: nani alikuwa mkubwa wa tenisi duniani kabla ya tarehe 23 Agosti 1973, siku kompyuta ilipotoa orodha yake ya kwanza ya wanaume na kumkalisha Ilie Năstase wa Romania kileleni? Wanawake walingoja hadi Novemba 1975, akakaa Chris Evert wa Marekani. Kabla ya hapo ni giza, na tochi ya giza hilo ninayo mimi peke yangu.

Kwa nini Mwadingusha? Swali zuri, na kwa kuwa hakuna aliyeliuliza, nitalijibu. Kituo chetu cha umeme hapa kwenye mto Lufira kilianza kazi 1930. Mwaka huohuo Bill Tilden wa Marekani, mwenye miaka 37, mzee kwa hesabu za mchezo ule, alitwaa Wimbledon kwa mara ya tatu. Wasomi wa Ulaya hawakuuona uhusiano huo. Mimi niliuona nikiwa nimelala.

Sasa tulieni. Mita ya umeme mnaijua. Kabla haijafungwa, nani alijua nyumba ipi inakula umeme mwingi? Jirani. Alichungulia taa dirishani, akasikiliza redio, akanusa pasi, akatoa hukumu. Tenisi nayo ilikuwa na jirani wake, A. Wallis Myers, mwandishi wa Daily Telegraph la London. Kila mwaka alishika kalamu, akaandika wanaume kumi bora wa dunia, na dunia ikaitikia naam. Baadaye wakaja wengine, akiwemo Lance Tingay wa gazeti hilohilo. Hawakuwa watu wabaya. Ila jirani huliona dirisha linaloelekea kwake tu.

Kabla ya Aprili 1968 tenisi ilikuwa na milango miwili. Wachezaji wa ridhaa, ambao hawakulipwa (walilipwa, ila kwa bahasha), waliingia Wimbledon. Wachezaji wa kulipwa, yaani waliokiri hadharani kwamba nao wanakula, walifungiwa nje. Pancho Gonzales alitwaa ubingwa wa Marekani 1948 na 1949, akaenda kulipwa, na tangu siku hiyo akafutika kama marehemu. Mwaka 1958 marehemu huyo alizunguka mji kwa mji akicheza na Lew Hoad, bingwa wa Wimbledon wa 1956 na 1957. Marehemu alishinda mechi 51, bingwa 36.

Mnacheka? Ngojeni. Rod Laver wa Australia alibeba mataji yote manne makubwa mwaka 1962, akiwa wa ridhaa. Majirani wote wakasema, huyu ndiye. Januari 1963 akahamia kwa wenzake wa kulipwa. Katika mechi zake 21 za kwanza dhidi ya Hoad na Ken Rosewall alipigwa 19. Kumi na tisa, mama! Namba moja wa dunia hakuwa hata namba mbili wa chumba cha kubadilishia nguo.

Milango ilipofunguliwa, marehemu akarudi. Wimbledon, 1969: Gonzales ana miaka 41, mbele yake Charlie Pasarell, kijana wa miaka 25. Seti ya kwanza peke yake ilikwenda hadi 24–22, mzee akaikosa. Jua likazama. Akalalamika kwamba mpira hauoni, wasimamizi wakamwambia acheze. Akaitupa seti ya pili 6–1, akatoka uwanjani akizomewa. Kesho yake akaamka akashinda 16–14, 6–3, 11–9, na katika seti ya mwisho Pasarell alikuwa pointi moja tu kutoka ushindi mara saba. Gemu 112. Saa tano na dakika 12. Mzee wa namna hiyo, hapa kwetu, tungemtengea kiti chake kwenye kila kikao.

Kijana mmoja ananong'ona kwamba kompyuta ilikuja ikanyoosha mambo. Kaa chini. Mwaka 1977 Guillermo Vilas wa Argentina alitwaa mataji 16, yakiwemo ya Ufaransa na ya Marekani, na kompyuta haikumpa nafasi ya kwanza hata kwa wiki moja. Miaka mingi baadaye mwandishi Eduardo Puppo na mtaalamu wa hesabu Marian Ciulpan walipiga hesabu upya, wakasema alistahili. Wenye orodha wakakataa kuigusa. Hata mita ina ukaidi wake.

Ndiyo maana nimebuni njia yangu, Mnyororo. Babu yangu aliokota mipira katika klabu moja ya wazungu, katika mji mmoja wa Katanga ambao nausitiri. Ni kazi ya adabu: unakimbia umeinama, mpira unauviringisha, huutupi, na raketi unaishika kwa kuibeba tu. Adhuhuri moja, wenye klabu wamelala, injinia aliyekosa mwenzake akamkabidhi raketi. Babu alicheza peku. Akashinda 6–4. Injinia akamwomba asimwambie mtu, na babu, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, hakumwambia mtu asiyekuwa wa ukoo. Tuna ukoo mkubwa. Sasa, injinia yule alikuwa akijisifu kwamba ujanani alimpiga mtu aliyempiga mtu aliyewahi kumtoa Tilden jasho. Fuateni pete moja moja mtaona mnakofika.

Papa mmoja huko nyuma anadai mashahidi. Papa, orodha za Myers zilikuwa na mashahidi gani?

Na Pasarell yule wa gemu 112? Mwaka 1971 alikuwa Yaoundé pamoja na Arthur Ashe, wakamwona mtoto mmoja akipiga mpira. Ashe akamwombea nafasi Ufaransa. Mtoto huyo, Yannick Noah, alitwaa ubingwa wa Ufaransa 1983, na 1986 kompyuta yenyewe ikamweka wa tatu duniani. Babu hakupungukiwa na mkono. Alipungukiwa na mpita njia.

Orodha kamili nimeibandika mlangoni. Wa kwanza ni Gonzales. Laver yumo, lakini ni Laver wa 1969, si yule wa Januari 1963. Babu nimemweka wa saba, maana mtaalamu hapendelei ndugu. Viti hivi ni vya kanisa, virudishwe kabla ya saa kumi na mbili. Na aliyechukua tochi yangu, tafadhali, ailete hapa mbele.