Sifa za Mheshimiwa Ukuta wa Kati

Washairi wa pwani walikwisha kuusifu mnazi, kuanzia mzizi hadi kuti, wala hawakusahau kumbi. Ukuta haukupata mshairi. Hata kuta zinazotembelewa kwa kiingilio, kama zile za Ngome ya Yesu kule Mombasa, husifiwa kwa ajili ya waliozijenga na waliozipigania; tabia zao wenyewe hazitajwi. Leo nalipa deni hilo kwa kumsifu Mheshimiwa Ukuta wa Kati, mkazi wa kudumu wa nyumba ndogo ninayopanga hapa Nyamyumba, kusini mwa mji wa Gisenyi, Rwanda. (Nyumba ndogo nisemayo ni ya matofali na mabati. Mama watoto atasoma makala haya.)

Mheshimiwa ni wa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, yale tunayoyaita rukarakara, akapigwa lipu ya simenti pande zote mbili ili aonekane mtu wa mjini. Urefu wake ni mita 3.2 na unene wake sentimita 30. Piga hesabu, utaona kwamba amekalia karibu mita moja ya mraba ya sakafu, na mita hiyo huingia kwenye kodi kila mwezi: yeye anaikalia, mimi nailipia. Nyuma yake kuna chumba cha kulala, ambacho dirisha lake linatazama ziwa Kivu, milima ya Kongo ng'ambo, na wavuvi wa sambaza wakirudi alfajiri. Mbele yake kuna sebule ya upana wa mita 2.4, ambayo dirisha lake linatazama pipa la maji la mwenye nyumba.

Kivu ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Lina kina kinachopita mita 450, na katika maji yake ya chini imejaa gesi ya methani ambayo watu wanaivuna kuendeshea mitambo ya umeme. Pamoja na nguvu zote hizo, halijaweza kuingia sebuleni kwangu. Mheshimiwa amelizuia.

Fadhila zake ndogondogo nizitaje haraka. Hakopi. Halali nje. Anaishika kalenda ya mwaka jana bila kulalamika. Mchana wa jua kali ana ubaridi wa udongo, ambao bloku za simenti haziujui. Ukimgonga kwa goti gizani hakurudishii tusi. Tusi unalitoa peke yako na unalisikia peke yako.

Fadhila yake kubwa, inayostahili utenzi, ni kwamba ameniletea mpaka wa kimataifa ndani ya nyumba.

Watu wa Gisenyi tunaijua mipaka. Petite Barrière, ambapo mji wetu unagusana na Goma ya Kongo, ni miongoni mwa vivuko vyenye watembea kwa miguu wengi zaidi Afrika; kabla ya korona walipita hapo makumi ya maelfu kwa siku, na nyanya, maziwa, vitenge na habari za mjini. Tena ni hapa hapa Gisenyi, Septemba 20, 1976, ambapo Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ili watu na bidhaa wavuke kwa urahisi. Mheshimiwa hajauridhia mkataba huo mpaka leo.

Mlango wake una upana wa sentimita 70, na wawili hawapishani. Asubuhi ndipo utakapoona utawala wa sheria. Anayetoka chumbani na beseni la maji ana haki ya kwanza. Anayeingia na mtoto mgongoni anafuata. Mimi, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, nasubiri upande wa sebule hadi foleni iishe, kwa kuwa sina bidhaa inayoharibika. Pazia ndiye afisa wa uhamiaji: macho ya wageni hayana viza ya kuvuka, kwa hiyo hushushwa mara tu mtu anapobisha hodi. Watoto wamebobea katika magendo. Maandazi yanayohesabiwa sebuleni saa mbili usiku huvuka mpaka chini ya kanga, na ushahidi hupatikana asubuhi, sukari kwenye shuka. Mbu peke yao ndio wenye pasi ya kudumu. Na siku godoro jipya lilipowasili mpakani, tulilikunja, tukalifunga kamba, tukalijadili kwa muda mrefu kuliko mikataba mingi iliyotiwa saini katika hoteli za ufukweni mwetu.

Mgogoro wa kidiplomasia ulizuka siku shemeji yangu alipokuja kumwona mtoto mchanga. Ni mtu wa mwili, Mungu azidi kumbariki. Alijaribu kwa ubavu wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto.

"Shemeji," nikamwambia kwa heshima zote, "hii ni Petite Barrière, ya waendao kwa miguu. Mizigo mizito hupita Grande Barrière."

Akauliza Grande Barrière yetu iko wapi. Nikamwonyesha dirisha. Mtoto akaletwa hadi mpakani, akatazamwa, akarudishwa alikotoka. Shemeji hajaja tena.

Kuna jambo moja la Mheshimiwa nisilolitania. Jumamosi ya Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na usiku ule ule maelfu ya watu wa Goma wakavuka kuja kwetu, wengine na watoto, wengine na godoro kichwani. Kwetu walilala ndugu na marafiki wa ndugu. Siku zilizofuata ardhi haikutulia, na nyumba nyingi za Gisenyi zilipasuka. Wageni walikuwa na upande wao, sisi wetu, na kila upande uliweza kulia bila kutazamwa. Mheshimiwa alipata ufa kuanzia darini hadi karibu na sakafu, lakini alisimama.

Majivu yalipotulia, nikaamua kuipanua nyumba kwa mshahara wa mwalimu. Hapo ndipo washauri walipojitokeza, na sijui kama kuna kitu chenye wataalamu wengi kuliko sebule ya mtu mwingine.

"Paka nyeupe." Nikapaka chokaa, na nikiri kwamba inarudisha mwanga na haimfilisi mtu. "Pazia la dirisha litundike juu kabisa, dari itaonekana imepanda." Nikapandisha, ikapanda. "Weka kioo kikubwa mkabala na dirisha, chumba kitakuwa viwili." Nikaweka. Dirisha langu linatazama pipa. Sasa nina mapipa mawili. "Punguza makochi." Nikaondoa moja katika seti, na kabla ya Jumapili ukoo mzima ulikuwa unaulizana kama nimefukuzwa kazi.

Rafiki yangu mmoja msomi akanitajia Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, ambaye mwaka 1952 alijijengea kibanda cha mita 3.66 kwa 3.66 kusini mwa Ufaransa, akaridhika nacho. Nilivutiwa sana, mpaka nilipojua kwamba kibanda kile hakikuwa na jiko kwa sababu kilikuwa na mlango wa kuingilia mgahawa wa jirani, na kwamba mbele yake ilitanda bahari ya Mediterania. Ufinyu ni mtamu sana ukiwa unapikiwa na jirani na una bahari dirishani.

Wenye akili zaidi walikuwa mafundi wa Lamu. Vyumba vya nyumba zao za mawe vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kuvuka mbali. Basi wakatumia unene wa kuta: wakajenga zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo, na jicho likapata pa kwenda hata pale ambapo mguu hauna nafasi. Nikasema, alhamdulillahi, unene ninao. Kama Mheshimiwa havunjiki, basi achimbwe zidaka mbili tatu za vitabu na vikombe.

Nikamwita fundi. Akapanda kwenye kiti, akabandua ubao mmoja wa dari, akatia kichwa huko juu na kukaa kimya kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu, huu usiuguse."

"Kwa nini? Si ukuta wa kugawa tu?"

"Ulikuwa wa kugawa. Njoo uone kenchi. Mbao zimeungwa hapa juu yake. Paa lote limelalia huu ukuta."

"Nani alifanya hivyo?"

Akashuka taratibu. "Mimi nilikuwa kibarua siku hiyo. Mwenye nyumba ndiye aliyetaka."

Akanieleza yote. Zamani hapa palikuwa na chumba kimoja kirefu, dirisha moja likitazama ziwa na jingine ua, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Mwenye nyumba akajenga ukuta katikati, kwa sababu kwake kodi hupangwa kwa idadi ya vyumba. Ukubwa, mwanga na hewa havimo kwenye hesabu. Chumba kimoja kikawa viwili, na kodi ikapanda siku hiyo hiyo. Miaka ikapita, mabati yakachakaa, akaezeka upya. Mbao ndefu za kuvuka nyumba nzima zilikuwa ghali, akaona kuna ukuta wa bure hapo kati, akanunua fupi akaziunga juu yake. Hivyo ndivyo ukuta wa kuhesabisha vyumba ulivyogeuka nguzo ya nyumba. Kuuondoa sasa kunataka boriti ya zege, mihimili ya kushikilia paa wakati wa kazi, na kibali cha wilaya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mikononi mwa mpangaji.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba wangu alianza na ukuta, ufa akaniachia mimi. Nilipomkumbusha kuhusu ule wa 2021, alisema tuuache kwanza, unapumua.

Na nitamwita mheshimiwa nani sasa? Mwezi uliopita mwenye nyumba alikuja mwenyewe kuchukua kodi. Akasimama mlangoni, akaona chokaa, akaona pazia, akajiona kwenye kioo na kutabasamu.

"Mwalimu! Nyumba imekuwa kubwa! Hebu kuanzia mwezi ujao tuitazame upya ile kodi."

Nyumba haijaongezeka hata sentimita moja! Chokaa ni yangu, kioo ni changu, mgongo unaouma ni wangu. Kilichokua ni macho yake. Nimeifanya nyumba yake ionekane kubwa ili nipate pa kupumua, naye ananitoza pumzi. Nisipoipaka, naishi gizani. Nikiipaka, naulipia mwanga mara mbili. Na hapo ndipo nilipomkumbuka kila mshauri aliyewahi kuniambia namna ya kupanua nyumba kwa fedha kidogo. Wote huzungumza na mpangaji. Wote humwambia anunue, apake, atundike, apunguze. Yule ambaye angeweza kuweka bati moja la kupitisha mwanga, kupanua mlango ufikie sentimita 90, au kununua mbao za urefu unaostahili tangu mwanzo, hakuna anayempelekea ushauri. Yeye hupelekewa kodi.

Kwa hiyo sifa za Mheshimiwa Ukuta wa Kati zibaki palepale. Hakujijenga, hakujitwisha paa, na mzigo aliobebeshwa kwa ubahili wa mtu mwingine ameubeba bila kuomba nyongeza.

Wewe unayepanga, kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi, andikisha kwenye mkataba kwamba matengenezo unayoyagharamia hayatapandisha kodi kwa muda mtakaokubaliana, na kwamba yale ya kudumu yatakatwa kwenye kodi. Na wewe mwenye nyumba, siku ukija kuhesabu vyumba, hesabu na madirisha.