Ruzuku ya Udongo
Mbolea ya ruzuku Kenya haipatikani kwa pupa. Usajiliwe kwanza, usubiri ujumbe kwenye simu wa kukueleza una haki ya mifuko mingapi, kisha uanze kutafuta ghala la Bodi ya Nafaka lenye mzigo, na mwisho umbembeleze bodaboda asikutoze zaidi ya ile nafuu uliyopata. Bei lakini ni ya haki: shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 tangu 2023, na huko madukani ulishakaribia 7,000.

Basi Machi 2024, mvua ya masika ikibisha hodi, wanahabari wakafichua kwamba baadhi ya mifuko ilijaa udongo. Yaani serikali imetoa fedha, mkulima ameongezea zake, wakachanga kununua kitu ambacho shamba lake linacho bure tangu enzi za babu yake. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akafafanua kwamba hiyo si mbolea bandia, ni mbolea isiyofikia viwango. Mahindi, kwa kukosa shule, hayakuutambua utofauti huo.

Kamati ya wabunge 11 ikaketi kumchunguza waziri. Mei, saba dhidi ya wanne wakaona hakuna sababu ya kumng'oa. Wakulima nao wakaahidiwa fidia: mbolea nyingine, kutoka maghala yale yale. Anayedai lazima awe na ushahidi, bila shaka, ila wa kwake alishaufukia pamoja na mbegu.