Kamati ya Mawasiliano Yakaa Kiseke

Fundi redio wa Kiseke PPF, Mwanza, amerudishia mlango na kwenda kula. Juu ya meza yake, kati ya waya wa risasi na kikombe cha chai kilichoota utando, wamepangwa wagombea watatu, wote redio: Wokitoki, Bi Arusha na mzee Guku. Jioni inakuja kamati ya wanaume wa mtaani wanaotaka kuendesha wenyewe magari matatu, wapite Magu na Lamadi, waingie Serengeti kwa lango la Ndabaka na kufuata ukanda wa magharibi hadi Seronera. Kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na grupu la WhatsApp. Fulana zimeshachapishwa. Zilizobaki ni redio za kusemezana gari kwa gari. Simu ya fundi, iliyoachwa kwenye chaji, imejiteua kuwa mshereheshaji.

SIMU: Itifaki imezingatiwa. Ajenda ni moja: nani anakwenda Serengeti. Kila mgombea ajieleze kwa kifupi, maana nina meseji za kujibu.

WOKITOKI: Shikamooni wakubwa. Mimi ni redio ya mkononi, nimetoka Kariakoo juzi, wati 5, tochi ninayo. Boksi langu limeandikwa kilomita 48.

BI ARUSHA: Marahaba, mdogo wangu. Kilomita 48 kutoka wapi hadi wapi?

WOKITOKI: Boksi halikusema, dada. Kuna picha ya mlima na Mzungu mwenye miwani.

BI ARUSHA: Basi ndiyo hiyo. Mmoja anasimama kileleni, mwenzake bondeni, katikati hakuna hata mchongoma. Wewe umejaribiwa wapi?

WOKITOKI: Hapa hapa. Pacha wangu alipelekwa upande wa pili wa kilima. Mwenyekiti akaniita, "Unanisoma? Unanisoma?" hadi watoto wa jirani wakaanza kumwitikia. Pacha hakusikia neno. Wakasema mimi ni feki.

GUKU: Si feki, mjukuu wangu. Mawe ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5 yamekaa pale. Hayawezi kumpisha mgeni wa juzi.

SIMU: Mzee, subiri zamu yako. Bi Arusha, karibu.

BI ARUSHA: Ahsante. Mimi ni redio ya gari, VHF, wati 25, nimefungwa kwenye Land Cruiser za watalii tangu nikiwa mbichi. Nimefanya kazi Ngorongoro, Ndutu, Seronera. Lugha ya porini naijua. Dereva akisema "masharubu", ni simba. "Madoadoa chini" ni duma, "madoadoa juu" ni chui aliye mtini. Wanaficha jina ili mgeni asije akaahidiwa chui kisha akakuta tawi tupu.

SIMU: Na faida yake?

BI ARUSHA: Faida ni kwamba ukitamka "madoadoa juu" mara moja, baada ya robo saa kuna magari ishirini chini ya mti mmoja na chui kashageuza mgongo. Redio haina siri. Kila aliye kwenye chaneli anakusikia.

WOKITOKI: Mimi ninazo namba za siri! Kwenye menyu.

BI ARUSHA: Hizo hazifichi chochote, mdogo wangu. Zinakuziba masikio wewe usiwasikie wengine. Wao wanakusikia kama kawaida, mpaka madeni yako.

WOKITOKI: (kwa sauti ya chini) Mambo ya hela yameshatokea. Jumamosi walitujaribu barabarani. Mwenyekiti akanikalia upande wa kitufe cha kusemea. Tangu Nyanguge hadi Magu chaneli ikawa yake peke yake. Alikuwa anamsimulia mkewe jinsi mweka hazina alivyokula hela ya fulana. Mweka hazina yuko gari la nyuma, anasikia yote, na hawezi kujibu kwa sababu mwenye chaneli hajaachia kitufe.

SIMU: Ndiyo maana siku hizi hawaongei?

WOKITOKI: Wanaongea kupitia katibu.

GUKU: Enzi zetu mtu alifundishwa. Unabonyeza, unahesabu moja, unasema, unasema "ova", unaachia, unasikiliza. Hiyo ya kusikiliza ndiyo iliyokuwa ngumu hata wakati ule.

SIMU: Haya mzee, zamu yako. Kwa kifupi.

GUKU: Mimi ni HF, mawimbi mafupi. Nilifungwa kwenye gari la misaada, Ngara, mwaka 1994. Mwisho wa Aprili watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Mnara wa simu hakuna, kijana. Niliongea na Dar es Salaam nikiwa nimeegeshwa kwenye tope la Benaco. Sauti yangu inapanda hadi tabaka la juu la anga, inarudishwa chini mbali huko. Mchana tulitumia masafa ya juu, usiku ya chini. Hata madaktari warukao wa AMREF walijenga mtandao wao wa hospitali za vijijini kwa redio za ukoo wangu, miaka ya 1960.

WOKITOKI: Guku, na gari lililotangulia kilomita 80 mbele yenu, mliongea nalo?

GUKU: (anakohoa) Lile hatukulisikia.

WOKITOKI: Dar mnaisikia, Biharamulo hamuisikii?

GUKU: Sauti inaruka juu ya kichwa cha wa karibu. Ndivyo anga linavyotaka.

(Chini ya meza kunasikika kitu kinagonga mguu wa kiti. Ni ANTENA ya gari, imepinda shingo, ina springi yenye kutu.)

ANTENA: Naomba kuchangia.

SIMU: Wewe si mjumbe.

ANTENA: Najua. Nataka tu kuwakumbusha kuwa mnabishana kuhusu wati, na wati hazioni. Mawimbi ya hawa wawili wadogo huenda kama jicho, palipozibwa yamezibwa. Nikiwa mita 2 juu ya ardhi, upeo wangu ni kama kilomita 6. Magari mawili yenye antena kama mimi, tambarare tupu, ni kilomita 11 na ushei. Ongeza wati mara kumi, upeo uko pale pale. Nipandishe kilima cha mita 100, peke yangu naona kilomita 40 na zaidi. Huko ndiko boksi la huyu mtoto lilikopigiwa picha.

BI ARUSHA: Kweli tupu. Na mtu akimshika Wokitoki ndani ya gari, bodi la chuma linammeza. Bora atoe kichwa dirishani.

WOKITOKI: Kwenye mbung'o wale?

SIMU: Jamani, kwa nini tusitumie mimi tu? Nina intaneti, nina ramani, nina sauti za grupu.

BI ARUSHA: Ukishaipita Ndabaka ukazama kuelekea Kirawira, mtandao unakuja na kuondoka kama mpangaji mwenye deni. Muda mwingi utakuwa kamera na tochi.

SIMU: Maneno makali hayo. Tuendelee. Kuna jambo la leseni? Naona hapa kwenye kumbukumbu za fundi: masafa hugawiwa na TCRA, kwa ada.

(Kimya. WOKITOKI anazima taa kama betri imeisha. BI ARUSHA anajifanya anasikiliza chaneli nyingine.)

GUKU: Mimi leseni yangu ilikuwa ya shirika. Shirika liliondoka.

SIMU: Tuseme jambo hilo limepokelewa na litafanyiwa kazi.

BI ARUSHA: Na lingine. Kamati inasema inakwenda "kuacha barabara". Ndani ya hifadhi kuacha barabara ni marufuku. Gari la mwenyekiti lina mkonga wa kupumulia ambao haujawahi kuona maji ya kuzidi dimbwi la sokoni. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi utawanasa barabarani kabisa, hawana haja ya kuiacha.

ANTENA: Ndiyo maana nashauri: wachukue aina moja tu, ifungwe kwenye magari yote matatu, kila moja na antena juu ya paa. Yeyote watakayemchagua.

(Mlango unafunguliwa. Fundi anaingia, nyuma yake kamati nzima. Redio zinanyamaza, zinasikiliza. Baada ya nusu saa ya maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba, kamati inaondoka kwenda kutoa hela.)

SIMU: Nimerekodi. Naomba nisome maazimio. Mwenyekiti amechukua Guku, kwa sababu mti wake mrefu wa antena utaonekana vizuri kwenye picha. Katibu amechukua Bi Arusha, kwa sababu shemeji yake ni dereva wa watalii. Mweka hazina amechukua Wokitoki, kwa sababu ya bei, na ameomba risiti iandikwe bei ya Guku. Antena imefutwa kwenye ankara. Wamesema redio zenyewe tayari zina "kale kamti".

BI ARUSHA: Ngoja kwanza. Mimi nasikia megahezi 136 hadi 174. Wokitoki?

WOKITOKI: 400 hadi 470.

GUKU: Mimi 3 hadi 30.

BI ARUSHA: Kwa hiyo magari matatu, redio tatu, na hakuna anayemsikia mwenzake.

SIMU: Azimio limepita bila kupingwa.

WOKITOKI: Guku, tukinasa kwenye tope la Kirawira, nikikuita utanisikia?

GUKU: Sitakusikia, mjukuu wangu. Lakini nitamwomba mtu wa Dar es Salaam akupigie simu.

SIMU: Simu ipi?