Kanzu Haina Kola: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Klabu ya Gofu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati,
Klabu ya Gofu (jina nimelisitiri, waungwana hawaanikani hadharani)

KUH: SHINGO YANGU

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Kamati nyingine za mji huu zinahangaika na maji, taka na mishahara ya wafanyakazi. Nyinyi mmejitwika zito kuliko hayo yote: kuhakikisha hakuna shingo ya mwanamume inayopita getini pasipo kola.

Masharti yenu nimeyasoma ubaoni mstari kwa mstari, maana getini nilipewa muda wa kutosha. Shati liwe na kola na lichomekewe. Jinzi marufuku. Kaptura ifike gotini na isiwe na mifuko ya pembeni. Kofia ivuliwe ukiingia barazani, na isigeuzwe kisogoni popote pale. Sehemu ya wanawake ni ndefu zaidi, na imepimwa kwa inchi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mmeandika kwamba uamuzi wa Kamati ni wa mwisho.

Nikaenda kuzitafuta sheria za mchezo wenyewe, zile zinazotolewa na R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani. Zilipoandikwa upya mwaka 2019 zilipangwa katika kanuni 24. Zinasema mchezaji asianze mzunguko na fimbo zaidi ya 14. Zinasema ufanye nini mpira ukizama dimbwini, ukikwama mtini, au mbwa akiuchukua na kukimbia nao. Kuhusu kola, kimya. Hayo wameachiwa wenye viwanja wajiamulie wenyewe, yaani nyinyi, nanyi mmeamua.

Sasa kisa chenyewe. Shemeji yangu, mwanachama wenu wa siku nyingi, alinialika chakula cha mchana. Ilikuwa Ijumaa, nimetoka msikitini, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono na makubazi. Kwa vazi hilo nimeozesha mabinti, nimezika wazee, nimesimama mbele ya Kadhi, na hakuna aliyewahi kuniuliza nguo zangu nyingine ziko wapi. Mlinzi wenu, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia vizuri: “Shikamoo mzee. Samahani sana, lakini hiyo haina kola.” Nikamwitikia marahaba. Kosa si lake, anakula mshahara.

Wakati tunazungumza, akafika kijana wa bodaboda kuleta kifurushi. Alivaa shati la polo la mitumba, limechomekewa barabara, na kifuani lina nembo ya klabu ya gofu ya Marekani. Akapita. Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi. Ila nataka mjue kwamba ngome yenu imeshavunjwa: kola mnayoilinda inamwagwa chini kila asubuhi sokoni, unachagua unayoitaka, na ukiwa na ulimi mtamu unapunguziwa bei. Kama kola ndiyo cheti cha uungwana, mnada wa mitumba ndio chuo kikuu chetu.

Nikiwa hapo nje niliikumbuka historia kidogo, na hapa, Bwana Mwenyekiti, naomba unisikilize bila kutazama saa.

Kanzu si ngeni kwenye klabu za gofu za Afrika Mashariki. Tangu Mwingereza alete mchezo huu (Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ikapewa jina la kifalme mwaka 1935), kanzu ilikuwamo ndani siku zote. Ilikuwa nyeupe, imefuliwa, ina mshipi mwekundu kiunoni, na juu yake tarbushi. Aliyeivaa alibeba trei. Haikukatazwa, ililazimishwa! Mzungu aliyeketi akisubiri kinywaji hakulalamika hata siku moja kwamba shingo ya mtumishi haina kola. Waafrika wengine waliingia wakiwa wamebeba mkoba wa fimbo za mtu mwingine, au wakisukuma mashine ya kukata nyasi. Wakati ule mlango haukuuliza umevaa nini. Uliuliza umekuja kuketi au kutumika.

Ndiyo maana nauliza kwa unyenyekevu: ningefika Ijumaa ile na trei mkononi, ningepita?

Mtasema haya ni mambo ya ukoloni na yamekwisha, na kola ni mila ya mchezo tu. Haya, tuifuate mila. Old Tom Morris, Mskoti wa St Andrews aliyetwaa mashindano ya The Open mara nne kati ya 1861 na 1867, anaonekana kwenye picha zake kavaa koti zito la sufu na tai, na ndevu zimefunika shingo nzima. (Kola yake, kama ilikuwapo, ilikuwa siri yake na kinyozi.) Hakuvaa vile ili kuifurahisha kamati. Upepo wa Bahari ya Kaskazini unakata masikio, naye alikwenda kiwanjani na nguo ambazo mtu wa kwao alizivaa kwa baridi ya kwao. Mila ya waasisi ndiyo hiyo: vaa cha kwenu, kinachopatana na hewa ya kwenu. Kwa hesabu hiyo, siku ile ya jua kali, mtu aliyeishika mila ya St Andrews kuliko wote alikuwa amesimama na mlinzi.

Msinielewe vibaya. Sipingi kila sharti la mavazi. Kule London, kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, mcheza gofu hulazimika kuvaa nguo nyekundu juu, nami nalipigia saluti sharti hilo. Uwanja ule ni wa umma, watu wanatembeza mbwa na watoto, na ule wekundu unawaambia wachunge vichwa vyao. Viatu vya misumari ya chuma navyo vinachimbua nyasi fupi za kuzunguka shimo, ndiyo maana klabu nyingi zimevikataza. Nionyesheni kwamba makubazi yangu yanaumiza nyasi, nitayavua nitembee pekupeku bila kinyongo. Lakini kola inakinga nini? Mpira?

Wenye mchezo wenyewe wanalegeza polepole. Tiger Woods alishinda mashindano ya Masters ya mwaka 2005 na fulana ya shingo iliyosimama, haina kola ya kukunja, na klabu ya Augusta inayoyaandaa haikutetemeka. Makedi, yaani wabeba mikoba, wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, waliruhusiwa kaptura mwaka 1999, baada ya mwenzao mmoja kuanguka kwenye joto; wachezaji wakasubiri hadi 2019, na hata hapo ni siku za mazoezi na za kucheza na waalikwa tu. Kwa mara moja mbeba mkoba alitangulia kupata haki, ingawa ilibidi kwanza mtu aanguke. Lakini wanawake wa LPGA, mashindano yao ya kulipwa, wakakazwa: mwaka 2017 walitumiwa masharti mapya ya shingo na sketi, na faini ya dola 1,000 kwa kuanzia.

Na ile hoja kwamba mila haiguswi, kaiulizeni klabu ya Muirfield ya Uskoti. Mwaka 2016 wanachama walipiga kura, wanawake wakakosa kura za kuwaingiza. R&A ikawaambia basi The Open haiji kwenu. Haukupita mwaka, kura ikarudiwa na mlango ukafunguka. Mila ile ilikuwa na umri wa zaidi ya karne mbili, na dawa yake ilipatikana haraka hivyo.

Lakini tusiwaonee nyinyi peke yenu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipiga marufuku kaunda suti bungeni. Mzee Kenneth Kaunda wa Zambia, aliyelipa vazi hilo jina, alikuwa mpenzi mkubwa wa gofu na alikuwa na kiwanja ndani ya Ikulu ya Lusaka. Bungeni angezuiwa. Kwenu angepita, maana suti yake ilikuwa na kola. Hongereni: mmelipita Bunge kwa ukarimu, japo kwa upana wa kitambaa cha shingoni.

Ombi langu, waheshimiwa, halina gharama. Kwenye ubao ule, mkabala na kila sharti, ongezeni nafasi ya kuandika sababu yake. Kwenye viatu najua mtajaza bila shida. Kwenye simu zinazolia mtu akiwa anapiga mpira mtajaza pia, na mimi nitawaunga mkono. Mkifika kwenye kola, kaeni kikao, agizeni chai, mjadili mpaka jioni. Mkikosa la kuandika, lifuteni sharti hilo kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu, mbele ya wanachama. Msimwachie mlinzi kazi ya kulitetea juani.

Barua hii ataileta shemeji kwa mkono. Msiwe na wasiwasi, atakuwa amechomekea. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi, na liwe na sababu.

Wenu,
Mgeni wa Ijumaa