Sentimita 60

Mashine ya karatasi za chooni imenikataa mbele za watu. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya mabibi wa Guangzhou waliotoka kwenye mazoezi ya asubuhi bustanini, jasho halijawakauka. "Simama kwenye alama ya njano," mashine ikasema kwa sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio. Nikasimama. "Tazama kioo." Nikatazama. "Sogea karibu." Nikasogea hadi pua ikakaribia kugusa. "Hakuna mtu," ikasema.

Hakuna mtu! Mwili wote huu niliokuja nao kutoka kwetu Nkololo, uliojengwa kwa ugali na michembe, hakuna mtu. Bibi wa nyuma akanyoosha shingo juu ya bega langu aone kulikoni. Papo hapo mashine ikamtambua yeye, ikamkatia karatasi. Akaichukua, akaenda zake.

Mashine za namna hii zilivuma mwaka 2017 huko Beijing, kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, baada ya uongozi kuchoshwa na watu waliokuwa wakivuta karatasi mita kwa mita na kuondoka nazo. Dawa ikawa kamera: ulikuwa unaonyesha uso, unapewa sentimita 60, na ukitaka nyongeza unasubiri dakika 9. Aliyezipanga dakika hizo bila shaka hajawahi kuharisha.

Kanuni za China zilizoanza kutumika Juni 2025 zinataka asiyetumia uso apewe njia nyingine. Njia nyingine ilikuwepo: msimbo wa QR ubavuni mwa mashine. Nikauskani. Ukaniuliza, utalipa nusu yuan au utatazama tangazo? Nikachagua kulipa, heshima kwanza. Programu ya malipo ikajibu kwamba pasipoti yangu ni mpya, hivyo nithibitishe kwanza kwa uso. Basi nikatazama tangazo. Nyumba za ghorofa, vyumba vitatu, karibu na shule, unalipa kidogo kidogo kwa miaka thelathini. Nikalisikiliza lote huku nimebana magoti.

Huo msimbo, lakini, ni kitu cha kuvuliwa kofia. Aliubuni Mjapani Masahiro Hara wa Denso Wave mwaka 1994, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Tazama ile miraba mitatu ya pembeni: ukipitisha mstari katikati yake kutoka upande wowote, unakuta nyeusi, nyeupe, nyeusi nene, nyeupe, nyeusi, kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Uwiano huo haukuokotwa tu. Hara na wenzake walipekua magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta uwiano ambao hautokei kwa urahisi kwenye maandishi, ili kamera isije ikababaika. Ndiyo maana hata ukiushika msimbo juu chini unasomeka. Tena taarifa zake zimerudiwa kwa hesabu za kujikarabati, kiasi kwamba hadi asilimia 30 inaweza kuchafuka au kuchanika na bado ukasomeka.

Sasa hapo ndipo roho inaponiuma. Watu walihangaika usiku na mchana ili boksi la vipuri lililochubuka lisikose kutambulika. Uso wangu mzima, ulionawa asubuhi, hausomeki. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kuchambua nyuso kwa kazi nyepesi tu, kusema huyu mwanamke au mwanaume. Face++ ya China ilikosea zaidi ya theluthi ya wanawake weusi. Kwa wanaume weupe haikufika hata mmoja katika mia. IBM ya Wamarekani nayo ilikosea wanawake weusi kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kasoro haikuwa ya pua yangu. Waliofundisha mashine walichagua nyuso za kuifundishia, na za kwetu hawakuona haja ya kuzikusanya za kutosha. Wakaiuza hivyo hivyo, ikafungwa mlangoni mwa choo.

Nilimpigia mama. Yeye ana kitochi. Hela zake ziko M-Pesa, anabonyeza *150*00# bila intaneti wala kamera, na hakuna anayemuuliza sura yake ikoje. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kwani huko hawalimi mahindi?"

"Wanalima, mama." Ni wa pili duniani.

"Sasa magunzi yote wanayapeleka wapi?"

Mengine yaliyonikuta huku ni madogo. Stesheni ya treni, geti la pasipoti liko pembeni, na mhudumu wake hunisalimia kwa Kifaransa. Hospitali nililipia kipimo cha damu kabla daktari hajanitazama usoni, naye hakunitazama hata baadaye. Benki, majina yangu matatu hayakuenea kwenye kadi, la mwisho likakatwa katikati; nilipolalamika, dada wa dirishani akaniambia jina fupi linapendeza.